Mwenye Ngoma Hatazami Mpira

Wifi yangu ameshinda uwanjani karibu maisha yake yote ya ndoa, na hajawahi kuona bao letu likifungwa. Si kwamba haoni. Macho anayo, tena makali. Ukimletea mahindi yenye mchanga atakuonyesha mchanga wenyewe kabla hujatua gunia. Haoni mabao kwa sababu yeye ndiye mwenye ngoma kubwa, na katika jukwaa letu mwenye ngoma kubwa huupa uwanja mgongo. Ndiyo sheria. Watu wa nje wakiisikia hucheka, na mimi huwaacha wacheke, maana hata sisi tulianza kwa kuicheka.

Sheria yenyewe ilitokana na aibu. Zamani ngoma ilishikwa na wanaume waliotazama mchezo kama watu wengine. Mpira ukigonga mwamba, mpigaji anashika kichwa. Sasa mtu mwenye mikono miwili akishika kichwa, ngoma ataipiga na nini? Timu yetu ilipata kelele wakati inaongoza na haina shida, lakini ilipozidiwa, ilipotaka kutiwa moyo hasa, jukwaa lilikuwa kimya utadhani tumefiwa. Siku moja baada ya kufungwa vibaya, wakubwa wa jukwaa wakakaa wakaamua: mwenye ngoma hatazami mpira, anatazama watu. Wanaume wote wakaikimbia kazi. Nani alipe kiingilio kwenda kutazama nyuso za majirani, ambazo anaziona bure kila siku? Wifi, ambaye siku hiyo alikuwa amekuja tu kuniletea mwavuli, akasema, "Nipeni mimi. Mpira wenyewe siujui."

Akapewa. Jina la Kishindo alilipata jioni hiyohiyo.

Watu walijiuliza mkono ule ameutoa wapi. Mimi sikujiuliza, kwa sababu nafanya kazi naye. Yeye anaendesha mashine ya kusaga. Mimi nakaa mlangoni pa mashine hiyo nikishona midomo ya magunia. Mashine yetu ni ya zamani, ina mkanda mrefu unaozunguka na kupiga pap-pap, pap-pap kutwa nzima, na ukisimama mbele yake miaka na miaka, mapigo yale yanakuingia mpaka kwenye mifupa. Tena ndani ya chumba kile huwezi kuongea, utapasua koo bure. Kwa hiyo tunasemezana kwa mikono. Ngumi kifuani: gunia limejaa. Kiganja kichwani: zima mashine. Vidole vikisuguana: unga umetoka laini. Na iko moja ninayoipenda kuliko zote, ya kupokezana zamu. Anayeingia husimama mbele ya anayetoka, hupishanisha mikono kifuani na kushika mabega yake mwenyewe. Maana yake, mzigo nimeupokea, kapumzike. Anayetoka hujibu kwa kukung'uta unga viganjani, pa, pa, akaenda zake. Hakuna asante, hakuna kwaheri, na bado sijaona watu wanaoagana vizuri kuliko hivyo.

Lugha hiyo wifi akaihamishia uwanjani, isipokuwa hiyo ya zamu, maana uwanjani hakuna zamu. Jukwaa letu ni lile lisilo na paa, nyuma ya goli. Tupo wenye mabomba marefu ya plastiki, kundi langu mimi, tunaonguruma chini. Wapo wenye vuvuzela. Wapo wenye firimbi. Na wapo wenye madebe, ambao hao ni wendawazimu, hatuwahesabu. Kabla ya wifi kila mmoja alipuliza alivyoamka. Yeye akatufundisha: ngumi kifuani, jaza, wote kwa pamoja. Kiganja kichwani, zima, ibaki ngoma peke yake. Vidole vikisuguana, laini, pole pole, timu inatuliza mpira. Ikafika mahali timu za wageni zikaanza kulalamika kwamba kwetu hapachezeki. Tuliifurahia lawama hiyo kuliko kombe, ambalo hata hivyo hatukuwa nalo.

Mchezo wenyewe aliufuata kwenye nyuso zetu. Kinyozi wa mtaani kwetu, ambaye husimama kushoto kwa wifi, hutafuna kofia yake kila mpira ukikaribia lango letu. Muuza mkaa, mama mmoja mnene wa kulia kwake, goti lake hupanda lenyewe mshambuliaji wetu akianza kukimbia. Mwalimu mstaafu wa safu ya katikati hufumba macho kwenye hatari yoyote, iwe yetu au yao. Nami pia nimo. "Wewe wifi," aliniambia siku moja, "tukiotea unafunga mdomo kabla kibendera hakijapanda." Sikujua. Tangu siku hiyo najitahidi kuuacha wazi, nashindwa.

Mume wake ni kaka yangu, fundi saa. Mungu naye ana mzaha. Mtu anayeshinda na kioo jichoni, amebana pumzi ili skrubu isiruke, ndiye aliyemwoa Kishindo. Wanapendana sana. Nyumbani kaka hutia pamba masikioni na mkewe huzungumza naye kwa mikono. Sijawahi kuwasikia wakigombana, ingawa nimewaona.

Mtoto wao wa kiume alikulia kwenye vumbi la mashine. Siku aliyokwenda kujaribiwa na timu yetu alitoka zamu moja kwa moja, mweupe kuanzia nywele hadi kope, kocha akauliza, "Huu unga umetoka wapi?" Jina likaganda. Unga akawa mshambuliaji wetu, na hapo ndipo sheria ya jukwaa ilipoanza kumuuma mama yake. Mwanawe anafunga, watu wanaruka mbele yake, wanakumbatiana, machozi yanawatoka, naye anatazama machozi.

Unga alikuwa na dawa yake. Kila Jumatatu alimletea mama yake mabao mashineni. Magunia mawili yalikuwa nguzo na mimi nilikuwa kipa. Nimefungwa mara nyingi kuliko makipa wote wa daraja letu. Katikati ya kelele ile alimwonyesha kwa mikono na miguu alivyompita beki, alivyozuga, alivyopiga. Wifi alitazama huku akicheka na vumbi likipanda hadi darini. Mabao yote ya mwanawe aliyaona hivyo, yamechelewa, yamejaa pumba, lakini aliyaona.

Msimu uliopita yakaja mambo mawili kwa mpigo. La kwanza, tulibakiza mchezo mmoja, uwanjani kwetu, tukishinda tunapanda ligi kuu ambayo tangu tuzaliwe tulikuwa tukiisikia redioni tu. Sare haikutosha. La pili, Unga alichukuliwa na timu kubwa ya nchi nyingine, na baada ya mchezo huo angeondoka. Nilifurahi mpaka nikakosa usingizi. Wifi alifurahi pia, akawashukuru wote waliokuja kumpongeza, kisha mchana mmoja katikati ya kazi akaizima mashine. Mashine ile haizimwi mchana ila ikiwa imeharibika. Niliinuka mbio na sindano yangu mkononi.

"Kuna nini? Mkanda umekatika?"

"Wifi, nataka kumwona."

"Kumwona nani?"

"Mwanangu, akicheza. Mara moja tu kabla hajaondoka. Mji mzima umemwona isipokuwa mimi niliyemzaa."

"Sasa si ugeuke? Nani atakupiga?"

"Nikigeuka nimeshika ngoma nitakuwa nimevunja sheria niliyoikubali kwa mdomo wangu. Sigeuki. Nitaiacha ngoma, mchezo huu ashike mwingine."

Wakubwa wa jukwaa walikubali bila ubishi. Nani angemkatalia? Wakamtafutia nafasi nzuri katika jukwaa la kivuli, lile la kando lenye viti, yeye na mumewe. Ngoma akapewa kinyozi, aliyekuwa akiimezea mate miaka yote. Wakamkumbusha sheria mara mbili. Kinyozi akaapa kwa wembe wake kwamba hatageuka hata uwanja ukiwaka moto.

Siku ikafika. Uwanja ulijaa mapema, watu wakakaa mpaka juu ya ukuta. Kutoka mahali pangu niliweza kumwona wifi kule kivulini, amevaa gauni jipya, mikono ameibana katikati ya magoti kana kwamba ingemtoroka. Pembeni yake kaka yangu, mara yake ya kwanza uwanjani, pamba masikioni, anatazama madebe yetu kwa mbali kwa uso wa mtu aliyeonyeshwa nyoka.

Nisiseme uongo, kinyozi alianza vizuri. Alisimama ametutazama, akapiga kwa adabu. Lakini mwenzangu, shingo haina kiapo. Unga alipogusa mpira wa kwanza kinyozi akachungulia. Alipogusa wa pili akageuza bega. Kabla jua halijahama alikuwa amekaa upande upande, jicho moja kwetu na jingine uwanjani, na mkono ukaanza kukimbilia macho. Ngoma ikaenda kasi, sisi wa mabomba tukaikimbilia, vuvuzela zikatukimbilia sisi, na wenye madebe wakapata siku yao. Hakuna aliyezima, hakuna aliyejaza. Palikuwa na kelele nyingi tu zisizo na mwenyewe. Ngoma ivumayo haidumu, walisema wahenga, na siku hiyo tulithibitisha.

Mara Unga akapiga shuti kwenye lango la mbali. Mpira ukapita nje ya nguzo ukasukuma wavu kwa pembeni. Kwa sisi tuliokuwa upande wa pili, wavu umetikisika, basi. Kinyozi, jicho lake likiwa hukohuko, akaangusha mapigo ya bao. Tukajaza wote. Nilipuliza bomba langu mpaka nikaona nyota. Beki wetu wa kushoto, aliyekuwa anarudi nyuma na hakuuona mpira ulikoishia, akasikia ngoma ya bao, akainua mikono, akakimbia kwenda kumkumbatia kocha. Kipa wa wageni hakuwa na habari na sherehe zetu. Aliweka mpira chini, akaubutua mbali, mtu wao akapita peke yake pale ambapo beki wetu alipaswa kuwepo, akatufunga hapa hapa mbele ya pua zetu. Madebe yalikuwa bado yanashangilia.

Tulifungwa huku tukishangilia. Nadhani hapa duniani ni sisi tu.

Wageni walipogundua mshambuliaji wetu anaitwa Unga, wakatunga wimbo papo hapo: maji yamezidi unga, maji yamezidi unga. Waliuimba mpaka mapumziko. Na kweli yalikuwa yamemzidi. Akaanza kuteleza pasipo na maji, akatoa pasi kwa mtu asiyekuwepo, na kila baada ya muda aligeuza macho kwenye jukwaa letu, kama mtu anayetafuta saa ukutani akute imeondolewa. Tangu utotoni alikuwa anatembea kwa mapigo ya mama yake. Yakipoa, anatuliza, yakipanda, anakwenda. Leo mapigo yalikuwa yakimwambia aende, aende, aende, na hapakuwa na pa kwenda.

Yaliyotokea kivulini wakati wa mapumziko kaka alinisimulia baadaye. Wifi alikuwa ameketi, gauni jipya limelowa jasho mgongoni.

"Simwoni," alimwambia mumewe. "Nimemtazama tangu mwanzo na simwoni. Anayekuja mashineni Jumatatu siye huyu."

Kaka akatoa pamba sikio moja. Mbele ya mkewe huwa hafanyi jambo hilo.

"Nenda kwenye ngoma yako, mama watoto."

"Nimekuja kumwona mwanangu."

"Mimi nitamwona kwa niaba yetu sote wawili."

"Wewe mpira huujui hata kidogo!"

"Siujui. Ila kutazama kitu kidogo kisinipotee, hiyo ndiyo kazi yangu."

Wifi alilia kidogo, hilo mwenyewe hakunificha. Kisha akavua viatu, akavishika mkononi.

Tulimwona anakuja mbio kando ya uzio, gauni amelikusanya, na jukwaa zima likasimama bila kuambiwa. Kinyozi alimnyooshea mikwiro, yale magongo mawili ya ngoma, kabla hajafika.

"Samahani, mama," alisema. "Shingo imenishinda."

"Rudi mahali pako," wifi akamwambia. "Nahitaji kuiona hiyo kofia yako."

Akapanda kwenye kisanduku chake, akaugeukia umati, akaupa uwanja mgongo. Hapo nilimtazama usoni. Watu elfu na maelfu walikuwa wakipiga mayowe kwa furaha ya kumpata, na katika wote hao mimi peke yangu nilijua ameacha nini kule kivulini. Nilitamani kumshika mabega nimgeuze kwa nguvu. Yeye akaweka kiganja kichwani: zima.

Tukazima. Hata madebe. Uwanja ukawa kimya mpaka tukasikia mlinzi akikohoa getini. Kisha ngoma peke yake, chini, pole pole, pap-pap, pap-pap, kama mashine inapowashwa asubuhi kabla haijatiwa mahindi. Kule uwanjani nikamwona Unga ameinua kichwa.

Kipindi hicho cha pili timu yetu ilikuwa inashambulia upande wetu, na ilicheza mpira ambao sijawahi kuuona kwetu. Wifi alisugua vidole, tukapuliza laini, pasi zikatulia. Goti la muuza mkaa likapanda, wifi akapandisha mapigo, winga akachomoka. Kofia ikaingia mdomoni mwa kinyozi, kiganja kichwani, kimya, mabeki wakasikilizana, hatari ikapita. Ikaja kona. Yule beki wa kushoto, mkumbatia kocha, aliruka juu ya watu wote akautia kichwa wavuni, na safari hii hakushangilia. Alisimama wima kama mlingoti, anamtazama refa, mpaka refa aliponyoosha mkono katikati ya uwanja ndipo akapagawa. Sasa bao moja kwa moja.

Sare haikutosha. Muda ukawa unayeyuka, wageni wakaanza kulala chini hovyo, mmoja akishika goti, mwingine akishika lile ambalo halijaguswa. Mwalimu mstaafu alikuwa amefumba macho moja kwa moja. Midomo yangu ilivimba. Wifi hakubadilika. Mikono ilienda juu ikashuka, jasho linamchuruzika, na macho yake yalikuwa yakipita juu yetu, kutoka uso hadi uso, yakitusoma.

Kisha goti la muuza mkaa likapanda.

Unga alikuwa ameupata mpira mbali, karibu na katikati. Akampita wa kwanza. Mapigo yakapanda. Akahamia kulia kwake, upande wa muuza mkaa, na vichwa vyetu vyote vikahama naye. Wifi aliona shingo za jukwaa zima zikielea kuelekea mkaa. Akampita wa pili. Kila mtu, pamoja na kipa wa wageni, alijua sasa atapiga na mguu wa kulia. Wifi akaacha kupiga. Mikwiro ikabaki hewani, nasi tukabaki na pumzi vifuani. Ghafla Unga akakata ndani, na nyuso zetu zote zikaruka kurudi upande wa kinyozi, na kofia ya kinyozi ikaanguka kutoka mdomoni, na mwalimu, sijui nani alimwambia, akafumbua macho. Wifi akagonga ngumi kifuani kabla mpira haujafika wavuni.

Jaza!

Kishindo kilichotoka pale sijawahi kukisikia na sidhani nitakisikia tena. Mabomba, vuvuzela, firimbi, madebe, koo, miguu, vyote kwa pigo moja. Jukwaa lilicheza chini yetu. Watu walikumbatia watu waliogombana nao tangu zamani. Muuza mkaa alimbeba mwalimu. Nami nilikuwa nimemkazia macho wifi, nikaona jinsi bao lilivyomfikia: lilimjia kutoka kwetu, safu baada ya safu, uso baada ya uso, likampiga kifuani akayumba.

Unga hakwenda kwa wenzake. Aliwakwepa, akaja mbio moja kwa moja mpaka kwenye uzio, nyuma ya mgongo wa mama yake. Niliona mdomo wake ukiita, "Mama! Mama!" Nani angesikia? Hata bunduki isingesikika. Akasimama. Akapishanisha mikono kifuani, akashika mabega yake mwenyewe.

Mashabiki ni watu wa kuiga. Mfungaji akicheza, nasi tunacheza, akilala, tunalala. Safu ya mbele wakamwona wakaiga. Safu ya pili wakaiga ya kwanza. Kinyozi, muuza mkaa, mwalimu, wenye madebe waliolazimika kuyatupa madebe, mpaka wale wa juu ya ukuta, wote wakapishanisha mikono na kushika mabega. Hawakujua wanasema nini. Walidhani ni mtindo mpya. Lakini wifi alikuwa amewatazama, naye aliijua lugha, na jukwaa zima lilikuwa likimwambia kwa kauli ya mwanawe: mzigo nimeupokea, kapumzike.

Alielewa palepale nani amesimama nyuma yake. Nikapiga kelele, "Geuka, wifi! Geuka umwone!" Hakunisikia, ila alinisoma, akatikisa kichwa. Mpira bado haujaisha. Akabana mikwiro kwapani, akainua mikono juu kabisa, juu ya kichwa, ili aliye nyuma aione vizuri, akaikung'uta unga.

Pa, pa.

Umati ukadhani ni amri mpya. PA, PA! Maelfu ya viganja. Unga alipiga magoti pale chini akicheka na kulia kwa pamoja, mpaka refa akaja kumwinua arudi katikati. Wifi akachomoa mikwiro kwapani, akatuwekea kiganja kichwani, tukarudi kazini.

Firimbi ya mwisho ilipolia tulikuwa bado mbele kwa bao hilo. Tumepanda! Hapo sheria ikaisha, mwenye ngoma akawa huru, na wifi akageuka. Hakukuta mpira wowote wa kutazama. Uwanja ulikuwa umefunikwa na watu wetu kutoka goli hadi goli, na juu ya mabega yao mwanawe alikuwa anapitishwa, anakuja kwake, shati hana, kiatu kimoja hana. Nyuma yao alitembea fundi saa, pole pole, pamba zote mbili ameshazitoa. Alifika akamwambia mkewe, "Sikupepesa hata mara moja," na macho yake yalikuwa mekundu kweli.

Jumatatu Unga alikuja mashineni na begi lake la safari begani. Hatukuizima mashine. Nikapanga magunia mawili, nikaingia golini na sindano yangu, kaka akasimama mlangoni. Unga akamwonyesha mama yake bao: beki wa kwanza, beki wa pili, kisha akapiga kwa mguu wa kulia, nami nikafungwa kama kawaida.

Wifi akatikisa kichwa. Akapita mbele yake, akaonyesha kwa kidole upande wa muuza mkaa, akakirudisha kidole upande wa kinyozi, akainama akampiga mwanawe kofi kwenye mguu wa kushoto. Unga akaangua kicheko. Alikuwa amemtega makusudi. Alimtazama baba yake, na baba akakubali kwa kichwa: wa kushoto, ndiyo.

Gari lilikuwa linapiga honi nje. Unga alisimama katikati ya vumbi, begi begani, hajui aanzie wapi. Mama yake akamwendea, akasimama mbele yake, akapishanisha mikono kifuani, akashika mabega. Kijana akalikaza begi begani. Kisha akakung'uta viganja, pa, pa, akatoka, na wifi akamimina mahindi mengine mashineni.